Resitasio za watoto: vina tunavisikia, shairi hatulisikii (uzi wa walimu na wazazi, Lubumbashi)

Chaki_ya_Katuba

Walimu wenzangu, wazazi, na wote mnaopita humu, jambo yenu.

Naleta neno moja, naomba mlichambue bila kunionea haya. Mnaijua siku ya proklamasio, ile ya kutangaza matokeo ya mwaka, mwanzo wa mwezi wa saba. Direktere anamaliza hotuba, halafu tunatangaziwa kwamba mtoto wa mwaka wa nne atatoa resitasio, yaani shairi alilolishika kichwani. Mtoto anasogea mbele, mikono mgongoni, macho kwenye bati, anaanza kuyumba kushoto na kulia. Kila mstari una mlio uleule unaopanda mwishoni: ta! ta! ta! za! Akimaliza anainama, wazazi wanapiga makofi, anarudi kukaa. Sasa chukua mzazi yeyote pale umuulize shairi lilisema nini. Muulize hata mtoto mwenyewe.

Nafundisha mwaka wa nne hapa Katuba, watoto wanapita sitini. Nimetunga kishairi kifupi cha kujaribia, cha mambo wanayoyaona kwao mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza:

Ni mvua hiyo! Njooni!
Nguo zingali kambani,
Mtoto yu barazani,
Mama sauti apaza.

Bati lalia tatata,
Nguo tumekwisha pata,
Mtoto twamtafuta,
Kumbe yeye anacheza!

Ni utenzi wa kawaida. Mizani nane kila mstari, mistari mitatu ya kwanza inapatana vina, wa nne unabeba kina kinachorudi kila ubeti. Angalieni ubeti wa kwanza. Mistari mitatu ni maneno ya mama, anaita. Mstari wa nne anasema mwingine, msimulizi. Watoto wanaisoma yote minne kwa kelele moja, utadhani mama anajitangaza mwenyewe kwamba anapaza sauti.

Tunachofanya sisi walimu ni kuwaambia "tia hisia!" Wakisikia hivyo wanaongeza kelele na kurusha mikono. Mimi naona kuna maswali matatu yanayotangulia: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini? Mtoto akishajua kwamba huyu ni mama, nguo zake zinalowa, hahitaji kuambiwa aharakishe. Ataharakisha.

La pili ni vina. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: ta-TA-ta, PA-ta, ta-FU-ta. Kina kinakaa silabi ya mwisho kabisa, ile nyepesi. Mtoto anayegonga silabi ya mwisho kama msumari anaharibu lugha na shairi kwa pigo moja. Mwache aseme neno kama anavyolisema akimwita mwenzake, kina kitasikika tu, kimetungwa kisikike. Nashuku mlio huu umetoka kwenye resitasio za Kifaransa, maana kule uzito huangukia mwisho wa fungu la maneno. Watoto wameukariri mlio kabla ya lugha yenyewe, wakaumwagia na Kiswahili.

Mnasemaje?

Kalasi_ya_Kenya

Mwalimu, unasema kweli, hata huku mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi. Wangu wa mwaka wa tatu anasomaka vile ku nyumba mpaka shangazi yake anafunga dirisha.

Ila niulize. Batoto sitini, somo moja. Utauliza kila mutoto "nani anasema"? Utamaliza lini?

Chaki_ya_Katuba

Simuulizi kila mmoja. Naliuliza darasa, halafu nagawa kwa viti. Safu ya dirishani ni mama, safu ya mlangoni ni msimulizi, ya katikati ni wale watoto waliotumwa wakaanue nguo. Kila safu ina maneno yake na inangoja zamu. Tukimaliza tunazungusha, aliyekuwa mama anakuwa mtoto. Mtu hawezi kuyumbayumba kwa mlio mmoja huku anasubiri jirani yake amalize kusema, inabidi asikilize.

Na mabishano yanayozuka ndiyo somo lenyewe. Wapo waliosema mama alisema mstari wa kwanza tu, kwamba "nguo zingali kambani" ni msimulizi anatuonyesha uani palivyo. Tukasoma kwa njia zote mbili. Ukimpa mama mstari wa kwanza peke yake, ile "njooni" inapaa, halafu sauti inashuka, mambo yanakuwa ya kutazamwa. Ukimpa yote mitatu, anakuwa mama mwenye haraka, hana nafasi ya kuvuta pumzi. Sikuwaamulia. Ni shairi langu, lakini hilo sikulijua mpaka waliposoma.

Neno "kumbe" ndilo lililokula muda mrefu kuliko yote. Mmoja alilisema kwa hasira, mwingine kwa kicheko, mwingine akalisema polepole kama mtu anayechungulia nyuma ya nyumba. Hapo darasa lote lilikuwa limenyamaza, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Mzee_Kamalondo

Wanangu, nawasoma na nakaa kimya, lakini hili linanigusa. Nimefundisha tangu vitabu vya darasani havitoshi hata nusu ya watoto. Sisi tulianza na kichwa. Mtoto analimeza shairi kwanza, maana itamjia baadaye, hata akiwa na miaka arobaini. Leo mnataka mtoto wa miaka tisa akae na kuuliza shairi maswali kama hakimu. Mwisho wa mwaka hajui hata beti mbili bila karatasi. Hiyo ni faida gani?

Tena mnasema hisia, hisia. Mimi ni Muluba. Nimesikia kasala matangani tangu utoto. Yule mwenye kasala anataja majina ya ukoo, sifa za waliotangulia, anamwita marehemu kwa majina ambayo hata watoto wake hawakuyajua. Watu wazima wanalia. Hakuna mwalimu aliyemwandikia mistari kwenye tablo (ubaoni). Aliwasikiliza wakubwa wake miaka na miaka, akaingiza kichwani, basi.

Chaki_ya_Katuba

Mzee, heshima yako. Kwa kasala umenipa silaha badala ya kuninyang'anya. Huyo mwenye kasala alisikia kwanza. Alisikia mtu anayejua anamwambia nani: kuna jeneza, kuna wajane, kuna ukoo umekaa pale. Watoto wetu wanasikia nini kwanza? Wanaandika shairi kutoka kwenye tablo hadi kwenye kaye (daftari), halafu "ingizeni kichwani kwa Jumatatu". Wanalimeza na makosa ya mwandiko wao. Kuna aliyeniletea "nguo zinagali", na ameimba hivyo hivyo kwa ujasiri wote.

Kichwani liingie, nakubali. Lakini mimi nalisoma kwanza mara mbili, kaye zimefungwa, chaki iko chini. Wanasikia, tunalizungumza, wanasoma, ndipo wanalibeba nyumbani. Likishasomwa hivyo halichukui muda kukaa kichwani, sehemu kubwa wanakuwa nalo tayari kabla ya kuambiwa walishike.

Mzee_Kamalondo

Kusoma mara mbili kaye zimefungwa, hapo sina neno. Hata sisi tulifanya. Siku hizi mwalimu mwenyewe anasoma kama tangazo la kodi.

Dereva_wa_Tanga

Habari zenu wadau. Mimi si mwalimu, ni dereva, nimekaa hapa mpakani Kasumbalesa na foleni haisogei, kwa hiyo nina muda wa kuwasumbua.

Nyumbani Tanga shairi halisomwi kama gazeti, linaghaniwa. Babu yangu alikuwa akikaa barazani jioni, anaanza kwa mahadhi yake, anapumzika kwenye kina cha kati, anakivuta kina cha mwisho mpaka pumzi iishe, na kiitikio tunakipokea wote. Sasa mwalimu unaposema watoto waseme maneno kama wanavyomwita mwenzao, na vina viachwe vijisikilize vyenyewe, unaliua shairi la Kiswahili. Vina na mizani vipo kwa sababu ya sauti. Ukimwondolea mtoto mahadhi, umebakiza nini? Nawapa langu mlijaribu, nimelitunga hapa hapa nikingoja:

Nimekwama mpakani, lori limezima moto,
Sufuria i mekoni, maharage yana joto,
Nakumbuka wa nyumbani, mke wangu na watoto,
Dereva yu safarini, moyo umebaki Tanga.

Mizani kumi na sita, nane kwa nane, hesabuni. Ghanini halafu mniambie kama mtaweza kulisema kama salamu za asubuhi.

Kalasi_ya_Kenya

Lori limezima moto? Papa dereva, ni lori ama ni zimamoto?

Dereva_wa_Tanga

Hahaha. Mizani ilinibana ndugu yangu. Injini imezimwa, elewa hivyo.

Chaki_ya_Katuba

Kaka dereva, karibu sana, na shairi lako nitaliomba kwa darasa.

Tusichanganye kazi mbili. Kughani ni ufundi wake, na ningefurahi mtu kama babu yako aje awaghanie watoto wa huku, kwa sababu mahadhi hayo hawajapata kuyasikia. Anayeghani hubadili sauti kwa jambo analolighani. Mstari wako wa mke na watoto huwezi kuutoa kama mstari wa maharage, nina hakika. Mlio wa watoto wetu haubadiliki: harusi ni uleule, msiba ni uleule, bendera ni uleule. Mlio huo hauna malenga aliyeutunga, umejiotea wenyewe madarasani.

Kwa hiyo nataka kwanza mtoto aseme, ajue anasema nini. Akishajua, amfuate mghani kama yupo. Kuanzia kwenye mahadhi na mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha hapa Lubumbashi kunampa wimbo tu, maneno yanampita.

Kuna jambo la kufurahisha kuhusu Kiswahili chetu. Watu wa pwani hutucheka tunaposema mutoto, inchi, imbwa, mvula. Lakini hesabu mizani. Mtoto ni m-to-to, tatu. Mutoto ni mu-to-to, tatu. Nchi ni n-chi, mbili, na inchi ni mbili. Mbwa, m-bwa. Imbwa, i-mbwa. Mvua na mvula, mbili na mbili. Ile m inayosimama peke yake, ambayo mtoto wa kwingine anaimeza anapohesabu mizani, wa kwetu anaisikia waziwazi kwa sababu nyumbani inatamkwa na irabu yake. Kwa hiyo mtoto akisoma "mutoto yu barazani", simkatizi katikati ya shairi. Hatuharibii mwendo. Tutasahihisha baadaye kwenye somo la matamshi.

Dereva_wa_Tanga

Hilo la mizani sikuwahi kuliwaza. Haya, nimekuelewa nusu. Nusu nyingine bado nabisha: mtoto hahitaji kuelewa kila neno ndiyo aghani. Sisi tulighani tenzi tukiwa wadogo bila kuelewa robo yake, na tuliyapenda maneno kabla ya kuyajua.

MamaWaRuashi

Jambo kwa wote. Mnisamehe, mimi ni mzazi tu.

Mtoto wangu wa kiume ana kigugumizi. Akiitwa mbele kusoma, neno la kwanza linagoma, watoto wanacheka, basi amekwisha. Mwaka uliopita mwalimu wake aliacha kabisa kumwita, nadhani kwa huruma. Mtoto alielewa kwamba amefutwa.

Lakini kanisani, wakisoma zaburi wote pamoja, anasoma bila kukwama. Nikisimama karibu naye namsikia. Akisoma peke yake nyumbani zaburi ileile, anakwama. Ndiyo maana ninaposikia mnaponda kusoma kwa pamoja naogopa kidogo. Kwa mwanangu ndio mlango pekee.

Mwanafunzi_ISP

Mama, ulichokiona kinajulikana vizuri. Watu wengi wenye kigugumizi huzungumza bila kukwama wanaposema maneno yaleyale pamoja na wenzao. Hakuna anayeigiza hapo. Kwa hiyo usiogope, hata Chaki hakusema kusoma kwa pamoja kufutwe, alisema kugawanywe. Mtoto wako akiwa kwenye safu ya mama, na watoto kumi wengine, atasoma "Ni mvua hiyo! Njooni!" vizuri. Baadaye safu inaweza kuwa ya watoto watatu. Halafu wawili, yeye na rafiki yake. Asiharakishwe kufika kwenye mmoja, na asipofika mwaka huu hakuna kilichoharibika. Mwalimu asimmalizie neno na asimwambie "tulia" au "vuta pumzi" mbele ya darasa. Angoje tu, amtazame usoni kama anavyomtazama mwingine.

Nasoma ualimu hapa chuoni ISP, nikiwa humu niongeze jingine. Kusoma kwa hisia hakupo kwa ajili ya sherehe. Walimu wa kusoma huhesabu ufasaha kwa mambo matatu: kutokosea maneno, mwendo, na jinsi sauti inavyopanda na kushuka kufuata maana. Marekani jopo lao la kitaifa la usomaji lilitoa ripoti mwaka 2000, likaona kwamba kusoma kwa sauti kwa kurudiarudia, mwalimu akiongoza na kusahihisha, kunasaidia ufasaha na hata kuelewa. Shairi fupi ndilo linalofaa zaidi kwa kurudia, kwa sababu mtoto hachoki nalo kama habari ya ukurasa mzima.

Kuhusu alama za kwenye ripoti ya mtoto, kuna kipimo cha Timothy Rasinski chenye vipengele vinne: hisia na ukubwa wa sauti, kugawa mafungu ya maneno, ulaini, na mwendo, kila kimoja kutoka 1 hadi 4. Mimi nimekijaribu kwenye mazoezi ya kufundisha. Kinasaidia mwalimu asitoe alama zote kwa mtoto mwenye koo kubwa. Maana ndivyo inavyokuwa, tuseme ukweli: anayepiga kelele zaidi ndiye wa kwanza.

Kalasi_ya_Kenya

Kwa koo kubwa nakubali. Ila wale ambao hata kusoma kwenyewe bado? Ninao wanaotafuta herufi kwa kidole. Hisia atatoa wapi?

Chaki_ya_Katuba

Hao usiwape shairi jipya wasome kwa macho. Soma wewe mstari, warudie wao, kidole kikifuata maneno. Mstari, mstari. Wakirudia wanaiga na sauti yako, kwa hiyo kama umesoma kama tangazo la kodi (aksanti Mzee) utalipwa tangazo la kodi. Wakishalishika kwa masikio, rudisheni kaye, sasa wanasoma maneno wanayoyajua, na kidole kinakwenda haraka. Wengine wataitwa wadanganyifu kwamba hawasomi, wanakumbuka. Waache wakumbuke. Wanaona neno na wanalisema kwa wakati mmoja, si haba.

SautiYaKampemba

Mimi natangaza redioni, habari na matangazo ya misiba. Naongeza ya kazini kwetu, mtachuja.

Kwanza pumzi. Mtoto akiambiwa asome kwa nguvu anainua mabega na kubana koo. Asimame miguu yote miwili chini, mikono ining'inie, avute pumzi tumbo likifura, ndipo aanze. Hiyo mikono mgongoni iondoeni. Asome kumfikia mtoto wa kiti cha mwisho, na huyo wa mwisho anyooshe mkono kila anapopoteza neno. Kupaza sauti na kupiga kelele ni vitu viwili, mkono wa yule wa nyuma utawaonyesha tofauti. Kelele inameza maneno, mkono utanyooka hata mtoto akipasua masikio.

Pili, wanong'one. Darasa zima linong'one ubeti mmoja, lakini yule wa nyuma asikie kila neno. Ukinong'ona huna sauti ya kujificha nyuma yake, unalazimika kutumia midomo na ulimi. T zinakuwa t, mb inakuwa mb. Halafu wasome kwa sauti ya kawaida. Tofauti utaisikia papo hapo. Na kwa darasa la sitini, jirani zako wa ukuta wa pili watakushukuru.

Tatu, alama. Kabla ya kusoma habari naichora karatasi yangu yote. Mkwaju mmoja ni pumzi fupi, mikwaju miwili ni nyamaza kabisa, mstari chini ya neno ni hapa pana uzito. Neno moja kwa mstari linatosha. Mtoto akipigia mistari maneno yote hajachagua kitu. Waambieni pia kwamba mwisho wa mstari haumaanishi lazima usimame. Mfano:

Jana nilikuta baba
Kalala chini ya mti

Ukisimama baada ya "baba" na kushusha sauti, umesema kitu kingine kabisa, msikilizaji anangoja au ameshaelewa vibaya. Pita hapo bila kushusha. Watoto wanaopiga vina hawawezi kupita, wamezoea kwamba kila mstari una ukuta.

Na kunyamaza. Redioni ukimya wa sekunde mbili unatutia hofu, lakini kwenye shairi mtoto akinyamaza kabla ya "kumbe", watu wote wanainua kichwa. Ni zoezi gumu kuliko yote. Watoto wanaogopa ukimya, wanadhani mwalimu atafikiri wamesahau. Mwambie kabla: hapa ukinyamaza nitajua umefanya makusudi.

Mzee_Kamalondo

Huyu wa redio anajua kazi.

Lakini niwaulize wote mliosoma. Mashairi ya Kiswahili ni mazuri, haya. Mtoto akifika mwaka wa sita mtihani unamngoja kwa Kifaransa. Resitasio ya Kiswahili itampeleka wapi? Wazazi watawauliza hivyo, mimi nawaulizeni mapema.

Mwanafunzi_ISP

Mzee, swali la haki. Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya 2014 nayo inazipa lugha za taifa nafasi darasani. Kwa hiyo mwalimu anayesomesha shairi la Kiswahili kwenye madarasa ya chini hajatoroka programu.

Kwa Kifaransa chenyewe: mtoto aliyekwisha kuuliza "nani anasema" kwa lugha anayoielewa atauliza hivyo hivyo kwa Kifaransa. Asiyewahi kuuliza atameza yote mawili. Ila tofauti za sauti mwalimu azitaje wazi. Kifaransa kinaweka uzito mwisho wa fungu, Kiswahili silabi moja kabla ya mwisho. Mstari wao mashuhuri una silabi kumi na mbili na hugawanyika baada ya ya sita, na ile e ya mwisho wa neno, ambayo katika mazungumzo hudondoka, kwenye ushairi wa zamani huhesabiwa ikifuatwa na konsonanti. Mtoto anayejua kuhesabu mizani ya utenzi ataielewa haraka kuliko asiyejua kuhesabu chochote.

Mzee_Kamalondo

Wazazi sijui kama watakusikia mpaka kwenye konsonanti. Mimi nimekusikia.

MamaWaRuashi

Mwanafunzi, aksanti sana kwa yale ya juu. Nitamtafuta mwalimu wake mpya kabla Krismasi. Nitamwomba hiyo ya watoto wawili.

Kalasi_ya_Kenya

Nimejaribu kunong'ona leo. Direktere alikuja kuchungulia mlangoni, alizania kalasi haina mwalimu.

Swali la mwisho, halafu nawaacha. Siku ya proklamasio tunakodisha maikrofoni. Batoto wanaila ile kitu, tunasikia puh, puh, puh. Tufanye nini? Tuiondoe?

SautiYaKampemba

Uwanja mkubwa na watu wengi hutaweza kuiondoa. Isiwe mbele ya mdomo, iwe pembeni kidogo, usawa wa kidevu, mbali kama upana wa kiganja kilichofunguka. P na b zinapasuka kwa sababu pumzi inaipiga moja kwa moja. Mtoto asiishike mkononi, itatembea naye kila akitikisika. Iwekwe kwenye stendi, na stendi ishushwe kabla mtoto hajafika, asisimamie vidole kuifikia kidevu kikiwa juu, koo litabana. Na wajaribu siku moja kabla, na sauti ileile ya kawaida waliyofanyia darasani. Maikrofoni ikiwepo hakuna haja ya kupaza, na hilo watalisahau kwanza.

Dereva_wa_Tanga

Na wazazi waambiwe wasipige makofi kati ya ubeti na ubeti.

Chaki_ya_Katuba

Hapo kaka tutakosana. Wakipiga baada ya "mama sauti apaza" maana yake wamesikia. Mimi nawaacha, mtoto nimemzoeza kungoja wamalize ndipo aanze bati.

Dereva_wa_Tanga

Watavunja mahadhi.

Chaki_ya_Katuba

Mahadhi hayapo, tumekubaliana ni kusoma.

Dereva_wa_Tanga

Hatujakubaliana.